Kwa Nini Intaneti Hukwama Jioni?

Umelipia intaneti kwa fundi mdogo wa kwenu, mwenye mnara mmoja. Mchana ni shwari. Saa mbili usiku sauti ya mwanao aliye mbali yakatika-katika. Usiseme upesi kwamba umeibiwa. Huenda jirani apakua sinema.

Habari zote husafiri vipande vipande, na kila kipande hungoja zamu. Sinema ina vipande maelfu. Sauti ina vichache, lakini vikichelewa havifai kitu. Ni kama bombani: mwenye kikombe amesimama nyuma ya mwenye mapipa kumi! Kwa hiyo fundi stadi humpa kila mteja foleni yake, akateka kidogo huku na kidogo huku.

Tena haziachi foleni zirefuke. Afadhali kutupa vipande vichache, maana kompyuta inayotuma ikiona vimepotea hupunguza mwendo. Oktoba 1986, huko California, mawasiliano baina ya sehemu mbili zisizoachana hata mita 400 yalishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Van Jacobson alichunguza, na mwaka 1988 akaeleza jinsi kompyuta zinavyopaswa kujizuia. Mwaka 2012 yeye na Kathleen Nichols walitoa CoDel, kanuni ya kufupisha foleni. Imo bure katika Linux.

Basi muulize fundi wako: foleni wazipanga namna gani? Na wateja ni wangapi kwa njia hiyo moja? Wakizidi mno, hapana kanuni itakayosaidia. Hapo hapana budi anunue njia pana zaidi.