Fahamu: Kwa nini umri mdogo si kikwazo kwa kocha
Jeraha la goti lilimstaafisha Mjerumani Julian Nagelsmann akiwa na miaka 20, lakini Februari 2016, akiwa na miaka 28, alikabidhiwa kuinoa klabu ya soka ya Hoffenheim iliyokuwa hatarini kushuka daraja, akainusuru. Wapo wanaodai kwamba wachezaji hawamheshimu kocha ambaye hakung'ara uwanjani. Naamini heshima huletwa na maarifa, na Nagelsmann aliyatafuta mapema: aliwachunguza wapinzani wa Augsburg chini ya kocha Thomas Tuchel, kisha akatwaa ubingwa wa vijana wa Ujerumani mwaka 2014. Wengine wataiita bahati, ila bahati pekee haimpi mtu ubingwa wa Bundesliga akiwa na Bayern mwaka 2022, kisha kazi ya kuinoa timu ya taifa ya Ujerumani mwaka 2023. Klabu zipime kazi ya kocha, si miaka yake.