Ploti ipo, lakini iko wapi? Vichekesho vya papo kwa papo na lugha ya mabosi wa mauzo

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza. Waliotuachia methali hii hawakuwa na idara ya mauzo, lakini walijua kwamba bidhaa ikihitaji maneno mengi kupita kiasi, basi pana walakini. Wiki hii ningependa, mpenzi msomaji, tuangalie jambo ambalo wengi wa rika langu tumewaachia vijana: podikasti za vichekesho visivyoandikwa. Nazungumzia hasa zile ambazo waigizaji wawili au watatu hujifanya mabosi wa mauzo walio wafisadi, wakapiga soga mbele ya maikrofoni bila mswada wowote. Swali langu ni la kiisimu. Tunapocheka, tunacheka nini katika lugha?

Swali hili lina uzito wake, kwa sababu kwa miaka mingi vichekesho vya Kenya vimetuchekesha kwa lafudhi. Walio na mvi kama mimi wanamkumbuka Mzee Ojwang' wa Vitimbi. Mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu aliyeivaa lafudhi ya Mjaluo kwa ustadi hata watu wakasahau kwamba aliivaa. Katika Vioja Mahakamani walikuwapo akina Ondiek Nyuka Kwota na Masanduku arap Simiti. Nilivipenda vipindi hivyo na bado navipenda. Hata hivyo, tazama nani husimama kizimbani. Ni mtu wa chini, mwenye Kiswahili kilichopinda, na mbele yake ameketi hakimu asemaye Kiswahili kilichonyooka. Kicheko humwangukia wa chini. Sisi wa huku Kilifi tunalijua hilo, maana mara nyingi Mgiriama akitiwa katika mchezo wa kuchekesha hupewa ubawabu au ugema, kisha akavutishwa maneno mpaka wenye kusikiliza wavunjike mbavu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Redykyulass waliugeuza mwelekeo huo walipomwiga Rais mwenyewe. Lilikuwa jambo la ujasiri. Lakini bado kilichochekwa kilikuwa sauti ya mtu mmoja. Podikasti za mabosi wa mauzo huenda mbali zaidi, kwa sababu zinachocheka ni sajili, yaani lugha ya shughuli, isiyo na kabila wala kijiji. Tena msikilizaji haoni suti, kitambi wala gari. Kila kitu lazima kitoke mdomoni.

Darasani huwa nawapa wanafunzi wa isimujamii zoezi la namna hiyo. Nawaambia: nyinyi ni kampuni ya kuuza viwanja, haya, zungumzeni. Hawaruhusiwi kuandika kitu. Siku moja mazungumzo yalikwenda takriban hivi:

“Bosi, yule mzee wa Gede amerudi. Anaulizia ploti yake.”

“Mwambie ploti ipo.”

“Anauliza iko wapi.”

“Mwambie ipo kwenye hatua za mwisho.”

“Mwaka jana nilimwambia za mwisho.”

“Basi mwambie za mwisho kabisa. Tena mkumbushe kwamba ploti yake inatazama bahari.”

“Bosi, ile ploti imo baharini.”

“Si ndiyo inaitazama kwa karibu?”

Darasa lilicheka, nami nikacheka, halafu nikawarudisha kwenye sarufi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hufundishwa kwamba -po huonyesha mahali mahususi, -ko mahali pasipo dhahiri, na -mo ndani ya kitu. Bara wengi husema “iko” kwa yote, na hakuna anayekosana nao. Pwani, mzee wa Gede hakuzitoa tofauti hizo kitabuni, alinyonya nazo. Bosi anaposema “ipo” anadai kwamba kuna mahali maalumu, panapojulikana, ambapo kiwanja kipo. Mzee anauliza “iko wapi?” kwa sababu kwake mahali hapo bado ni ukungu. Karani anapoteleza na kusema “imo”, ukweli wote unamwagika kwa silabi moja. Mchezo huo umejengwa juu ya viambishi vitatu, na sidhani ungeweza kuchezwa hivyo kwa Kiingereza.

Zipo mbinu nyingine. Mabosi hawa ni mabingwa wa tasfida. Hongo kwao ni “uwezeshaji”, wizi ni “upungufu wa hesabu”, na kutapeliwa ni “changamoto za hapa na pale”. Pia wanaipenda kauli ya kutendwa kwa sababu inawaficha: “hati zilicheleweshwa”, “makosa yalifanywa”. Na nani? Kimya. Wakibanwa zaidi hukimbilia kitenzi kisichohitaji mtenda, “pesa zimepotea”, kana kwamba noti ziliamka asubuhi zikaenda matembezi Watamu. Kwa mteja, naye, ni kilemba cha ukoka mwanzo hadi mwisho: mteja wetu mpendwa, mzee wetu, mama yetu.

Sasa, kwa nini mambo haya yajitokeze vizuri zaidi pasipokuwa na mswada? Hapa kuna jambo ambalo wengi hulielewa visivyo. Kuigiza papo kwa papo si kubahatisha. Kule Chicago, ambako kundi la Second City lilianza mwaka 1959 likitumia michezo iliyobuniwa na Viola Spolin, waigizaji hufunzwa kanuni moja kuu: usimkatalie mwenzako. Akikwambia unyayo wake umeshika moto, wewe itikia, kisha ongeza la kwako. Kanuni hiyo ndiyo inayouendesha mchezo. Na ndiyo hiyo hiyo inayoiendesha ofisi ya kifisadi! Bosi anasema, karani anaitikia na kuongeza. Mhasibu anaitikia na kuongeza. Mwanasheria anapiga muhuri. Hakuna anayesema “la”. Uongo wa kiwanja kimoja unakuwa mtaa mzima wenye shule, zahanati na msikiti, na hakuna hata jiwe moja lililowekwa. Ndiyo maana uovu huu unaigizika vizuri kwa njia hii kuliko kwa tamthilia iliyoandikwa.

Mtindo wenyewe si mgeni wala si wa Wamarekani peke yao. Wenyeji wa Malindi waliojifunza Kiitaliano mahotelini wana haki ya kujua kwamba Waitaliano wa karne ya 16 walikuwa na Commedia dell'arte, ambamo waigizaji walikuwa na muhtasari tu wa visa, maneno wakayapata jukwaani. Mmoja wa wahusika wake wakuu ni Pantalone, mfanyabiashara mzee wa Venice, mchoyo na mwenye tamaa. Lakini mfano ninaouthamini zaidi ni wa Kiswahili chenyewe. Lubumbashi, nchini Kongo iliyoitwa Zaire wakati huo, kundi la Mufwankolo lilitunga michezo ya kuchekesha kwa Kiswahili cha Katanga bila kuandika mswada. Walikubaliana juu ya visa, wakafanya mazoezi, kisha kila mmoja akayatafuta maneno yake mchezo ukiendelea. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa nao mwaka 1986, na kitabu chake cha 1990, Power and Performance, kinafuata hatua kwa hatua namna walivyoujenga mchezo kutokana na msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Mhusika alikuwa chifu wa kijiji tu. Nchi ilikuwa chini ya Mobutu. Sina shaka watazamaji waliunganisha wenyewe.

Atakayesema vijana wanatia chumvi aikumbuke Machi 2018. Kituo cha Channel 4 cha Uingereza kilitangaza rekodi za siri za wakubwa wa Cambridge Analytica wakizungumza na mtu waliyedhani ni mteja. Miongoni mwa mengine walijigamba jinsi walivyofanya kazi katika kampeni za urais za Kenya za 2013 na 2017: kwamba walikibadilisha sura chama kizima mara mbili, wakaandika manifesto, wakaandaa hotuba. Majigambo yao hayawi ukweli kwa kutamkwa, lakini ni wauzaji halisi, wakiongezeana maneno mezani, na hapakuwa na mswada pale. Au kumbuka Deci, ule upatu haramu ulioporomoka mwaka 2009. Watu hawakuambiwa “leta pesa”. Waliambiwa “panda mbegu”, nao wangevuna. Mkulima anaijua mbegu na anaiheshimu; istiari ile ilipita mlango wa nyuma wa akili yake.

Huku kwetu lugha ya namna hii hugharimu ardhi. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, familia nyingi za Wamijikenda katika ukanda wa maili kumi zimeishi juu ya ardhi ya mababu zao zikiitwa maskwota. Mtu wa namna hiyo akisikia “hati tayari”, moyo unaruka kabla ya sikio kumaliza kazi yake. Anauza mbuzi, anauza minazi, analipa rubuni. Ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Akienda kulalamika, anakutana tena na Kiswahili cha ofisi asichokisema nyumbani, na anayechekwa ni yeye, kwa lafudhi yake.

Podikasti hizi zina kasoro moja inayoniudhi. Mara tu kijana anapoigiza bosi, Kiswahili kinamkimbia na anaanza kumimina Kiingereza, kana kwamba ufisadi una lugha yake rasmi. Najua kwamba mabosi wetu wengi husema hivyo. Lakini mzee wa Gede hatapeliwi kwa Kiingereza. Anatapeliwa kwa Kiswahili kitamu, na hicho ndicho kinachohitaji kuigwa. Siku hizi napiga marufuku Kiingereza katika zoezi langu. Dakika tano za kwanza huwa kimya na kukwaruza koo; baadaye maneno huanza kuja, na huja yale hasa ya matangazo ya redio na mabango ya barabara ya Malindi: mchakato, fursa, bei kuanzia, masharti kuzingatiwa.

Muhula uliopita kijana mmoja, bosi wa siku hiyo, alimweleza mteja wake kwa upole kwamba ili hati itoke Kilifi patahitajika mchango kidogo wa uwezeshaji. Msichana aliyeigiza mteja hakusita hata kidogo.

“Uwezeshaji,” alirudia, akilionja neno. “Sisi Kaloleni, mwanangu, twaiita hongo. Nikuandikie ya ngapi?”