KAMBA NA KOME: Cheti cha maabara ni sehemu ya bei

Mnunuzi wa kamba hukagua ukubwa, rangi na harufu. Lakini ipo kasoro isiyoonekana wala kunusika, inayoweza kukwamisha shehena nzima bandarini. Hiyo ni mabaki ya kemikali sugu kama DDT, PCB na dayoksini, zilizowekewa marufuku au masharti makali na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001.

Kemikali hizi hazioizi upesi. Hukaa kwenye tope, kisha hujikusanya katika mafuta ya viumbe. Kome na chaza hula kwa kuchuja maji na hawahami, hivyo hulimbikiza kiasi kikubwa kuliko kilichomo majini. Ndiyo maana Marekani imewatumia kupima usafi wa pwani zake. Kugandisha mzigo hakuondoi sumu hiyo.

Upimaji huanza kwa kuchukua sampuli sehemu mbalimbali za mzigo. Nyama husagwa, mafuta hutolewa kwa kimiminika maalumu na kusafishwa, kisha mashine ya kromatografi hutenganisha kemikali moja moja na kuonyesha kiasi chake. Umoja wa Ulaya hauruhusu jumla ya dayoksini na PCB zinazofanana nayo kuzidi pikogramu 6.5 kwa gramu ya nyama. Pikogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara trilioni. Kwa kamba, kinachopimwa ni nyama ya mkia, si kichwa.

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaijua hasara yake. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya kubainika kuwa baadhi ya wavuvi walitumia dawa za kuulia wadudu. Bei ya sangara ilianguka, na waliovua kwa halali waliumia pamoja na wakosaji.

Funzo kwa mwenye mtaji mdogo ni kutochanganya mizigo. Kamba wa kila eneo la uvuvi wawekwe kando, wapewe namba yao na sampuli yao. Sampuli moja ikishindwa, litakwama fungu moja tu. Wakichanganywa, mchafu mmoja humharibia msafi, na gharama ya kipimo huonekana ndogo mbele ya kontena lililokataliwa.