Simu Haipimi Maikrowevu

Swali ni lile lile, wiki nenda wiki rudi: "Fundi, nimeweka simu ndani, nimefunga mlango, nimeipigia, ikaita. Inavuja mionzi hii. Niitupe?" Mteja amefika hapa Maji ya Chai na maikrowevu yake imefungwa nyuma ya bodaboda. Kilichoharibika ni swichi ndogo ya mlango, lakini yeye ameshaihukumu kwa simu. Nasema tena, na safari hii kwa maandishi: kipimo hicho ni cha uongo.

Maikrowevu hutumia mawimbi ya megahezi 2,450. Wavu wa chuma ulio kwenye kioo, pamoja na ukingo wa mlango, vimeundwa kuzuia mawimbi hayo. Simu nyingi zinatumia masafa mengine, kama megahezi 900 au 1,800, na zinanasa ishara dhaifu mno, chini ya sehemu moja ya bilioni ya wati. Hata mlango ukizuia asilimia 99.99 ya mawimbi ya mnara, hicho kidogo kinachopenya kinatosha kuifanya simu iite. Ikiita, umejua kwamba mtandao unashika vizuri, basi.

Kinachonitisha zaidi ni upande wa pili. Chukua maikrowevu yenye mlango uliopinda, ipeleke kwenye bonde la mteremko wa Mlima Meru ambako mtandao ni wa kubahatisha. Simu haitaita. Mama mwenye nyumba ataambiwa kifaa chake ni salama, naye atasimama mbele yake kila siku akipasha uji wa mtoto.

Uvujaji una kipimo chake. Marekani imeuwekea kikomo tangu 1971: usizidi miliwati 5 kwa kila sentimita mraba, umbali wa sentimita 5 kutoka kwenye kifaa, katika maisha yake yote. Hupimwa kwa mita maalumu, kifaa kikiwa kinafanya kazi na kuna maji ndani. Simu haisomi miliwati. Na ukijisahau ukawasha na simu ikiwa humo, betri inaweza kulipuka.

Wapo pia wanaohamishia maikrowevu mbovu stoo wakiamini inaendelea kutoa mionzi ikiwa imezimwa. Haitoi. Magnetroni, kile kinachozalisha mawimbi, ikikosa umeme, mawimbi yanakoma papo hapo, kama mwanga wa taa unavyokoma ukizima swichi. Hayabaki ndani, hayabaki kwenye chakula. Na kwa kuwa tuko Maji ya Chai, ambako maji yana floridi nyingi, nijibu na hili: kuchemsha maji kwenye maikrowevu hakuondoi floridi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki yote.

Hatari ya kweli iko chini ya bati la nje. Kapasita inaweza kushikilia umeme wa takriban volti 2,000 hata baada ya kuchomoa plagi. Kijana wa nyumbani mwenye bisibisi asilifungue bati hilo.

Sasa uamuzi. Fyuzi, taa, mota ya sahani, swichi za mlango: tengeneza, ni kazi ndogo. Cheche ndani mara nyingi ni karatasi ya mika iliyoungua au mafuta yaliyoganda; safisha, badilisha mika. Dayodi na kapasita: tengeneza, mradi spea iwe ya vipimo vile vile. Inazunguka na kuunguruma lakini haipashi, na fundi amepima akakuta magnetroni imekufa: uliza bei ya spea na ufundi kwanza, ikizidi nusu ya bei ya mpya, nunua mpya. Iliyoletwa kutoka Marekani ya volti 120 ikachomekwa kwenye 230 zetu bila transfoma huwa imeungua vitu vingi kwa pamoja, achana nayo. Fundi akikuwekea kipande cha waya mahali pa fyuzi, chukua kifaa chako uondoke. Umeme wako ukiwa unapanda na kushuka, nunua kilinda umeme kabla ya kununua maikrowevu nyingine, la sivyo utarudi hapa na ugonjwa ule ule.

Mlango uliopinda, bawaba zilizolegea, wavu uliotoboka, bati la ndani lililoliwa na kutu hadi likatoboka: hapo acha kuitumia leo hii, simu iite isiite. Mlango halisi wa modeli hiyo usipopatikana, hiyo haitengenezwi.