Vidonge vya wasiwasi si dalili ya upungufu wa imani



Ndugu Waislamu, siku chache kabla ya Ramadhani mama mmoja alinijia baada ya darsa hapa Tandale. Alifungua fundo la khanga yake, akanionesha vidonge vichache vilivyobaki. "Sheikh, navimeza kwa siri, mwezi wa nne huu. Moyo ulikuwa ukinienda mbio usiku kucha. Mume wangu akivikuta atasema sina imani. Nimeazimia kuviacha siku ya kwanza ya mfungo."

Vidonge vile ni diazepamu, ambavyo wengi wetu huviita vidonge vya usingizi. Nilimsihi asiviache kabla ya kumwona daktari.

Dawa hii ilianza kuuzwa mwaka 1963 kwa jina la Valium. Huipa nguvu kemikali ya asili ya ubongo iitwayo GABA, ambayo hupunguza msisimko wa mishipa ya fahamu. Nafuu yake huja upesi, na humo ndimo ilimo hatari. Mwili huizoea, na kipimo cha jana kesho hakitoshi. Aliyeitumia kwa muda mrefu akiikatisha ghafla, hofu humrudia kwa nguvu zaidi, hutetemeka, hukosa usingizi, na huweza hata kuanguka kama mwenye kifafa. Huachwa kwa kupunguzwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa daktari. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa dawa za jamii hii zisiwe tiba ya wasiwasi wa kudumu. Zikitumika kwa dharura, zisizidi siku tatu hadi saba.

Zipo dawa nyingine, kama fluoksetini. Hizi hazitulizi siku ile ile, bali huhitaji wiki kadhaa. Mgonjwa asikate tamaa mapema, wala asiziache ghafla. Mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili nayo ni tiba.

Ama suala la imani, Mtume (S.A.W.) alituamrisha kujitibu, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Naye mwenyewe alikuwa akimwomba Allah kinga dhidi ya fadhaa na huzuni. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akibainisha kuwa nafsi huugua kama mwili uuguavyo. Basi dua na dawa havigombani.

Kuhusu swaumu, daktari aweza kupanga dawa zimezwe wakati wa futari au daku. Mgonjwa anayedhurika kwa kufunga amepewa ruhusa katika Suratul Baqara.

Enyi wazazi, dawa hizi zitolewe kwa cheti cha daktari. Usimpe jirani vidonge vyako, usivichanganye na pombe wala dawa kali za maumivu, na usiendeshe bodaboda ukiwa na usingizi wake.

Mama yule aliniruhusu nizungumze na mumewe. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kliniki ni siku gani, nimsindikize?" Swali hilo ndilo tunalolihitaji katika nyumba zetu.

Wallahu aalam.