Kompyuta au DVR: Kituo cha Afya Kihifadhi wapi Picha za Kamera za Usalama?

Chupa za dawa ya maumivu zinapopungua katika kabati lenye kufuli, au mtu asiyejulikana anapoonekana akitoka wodi ya wazazi na kitoto mikononi, viongozi wa kituo huuliza jambo moja: je, picha zipo? Mara nyingi kamera ilikuwapo na taa yake iliwaka. Kumbe kompyuta iliyopaswa kuhifadhi picha ilizimika wiki mbili zilizopita na hakuna aliyebaini, au diski ilikwisha kujifuta. Kamera ni jicho tu. Kumbukumbu imo ndani ya kinasa, na uteuzi wa kinasa ndio unaoamua kama jicho hilo lina manufaa, na kama siri ya mgonjwa itabaki siri.

Aina mbili za vinasa

Aina ya kwanza ni mashine inayojitegemea. Kamera zinazotumia waya wa kawaida wa video huunganishwa na mashine ambayo mafundi huiita DVR; kamera za mtandao huunganishwa na NVR. Zote mbili ni sanduku dogo lenye diski ndani, lililoundwa kwa kazi moja tu ya kupokea picha, kuzihifadhi na kuzionesha.

Aina ya pili ni kompyuta ya kawaida au seva iliyowekewa programu ya kurekodi. Kamera za mtandao huifikia kupitia kebo ya mtandao. Zile za zamani huhitaji kadi maalumu ya kupokelea video.

Tofauti ya msingi ni hii: mashine inayojitegemea hufanya kazi moja, ilhali kompyuta inaweza kufanya kazi nyingi. Uwezo huo wa kompyuta ndio nguvu yake, na ndio udhaifu wake pia.

Faida na upungufu wa kila aina

Mashine inayojitegemea hutumia umeme kidogo. Ile ya kamera 8 yenye diski moja aghalabu hutumia makumi machache ya wati, wakati kompyuta ya mezani inaweza kutumia maradufu au zaidi. Katika zahanati inayotegemea betri na sola, tofauti hiyo huamua kama kurekodi kutaendelea hadi alfajiri. Umeme ukirudi, mashine hujiwasha na kuendelea na kazi bila kusubiri mtu. Haifungui barua pepe wala haichezi filamu, na hakuna anayeichomekea flashi ili achapishe barua.

Upungufu wake huonekana inapoharibika. Watengenezaji wengi huhifadhi picha kwa mpangilio wao wenyewe, hivyo diski iliyotolewa katika mashine iliyoungua inaweza isisomeke katika mashine ya kampuni nyingine. Baya zaidi, mashine mpya inaweza kuifuta diski hiyo ili ianze upya. Fundi asihamishe diski yenye ushahidi kabla ya kulithibitisha hilo. Aidha, mashine ya nafasi 8 haipokei kamera ya 9.

Kompyuta hukua pamoja na kituo. Diski huongezwa, na vipuri hupatikana madukani katika miji mingi. Inaweza kupangwa ihifadhi picha zilezile katika diski mbili kwa pamoja, moja ikifa nyingine ibaki. Programu nzuri huchanganya kamera za watengenezaji mbalimbali na kurahisisha utafutaji wa tukio.

Hata hivyo, kompyuta huhitaji mlezi. Mfumo wake wa uendeshaji huweza kujizima na kujiwasha ili kusasishwa, na programu ya kurekodi isipopangwa kuanza yenyewe, kurekodi hukoma kimyakimya. Mfumo uliopitwa na wakati nao ni mlango wazi: Windows 10, kwa mfano, ilifikia kikomo cha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kituo kisicho na mtaalamu wa TEHAMA wa kufuatilia mambo hayo kitakuwa na kompyuta inayozeeka bila kinga.

Hesabu ya siku

Kabla ya kununua, kituo kiamue picha zikae siku ngapi. Hesabu yake ni nyepesi. Kamera inayotuma megabiti 1 kwa sekunde hujaza gigabaiti 10.8 kwa siku. Kamera yenye picha safi inayotuma megabiti 2 hujaza gigabaiti 21.6. Kamera 8 za namna hiyo hujaza takriban gigabaiti 173 kila siku. Kwa hiyo diski ya terabaiti 1 haifikishi siku 6, ya terabaiti 4 hufika siku 23, na siku 30 huhitaji zaidi ya terabaiti 5. Diski ikijaa, picha za zamani hufutwa ili mpya zipate nafasi.

Hesabu hii inahusu moja kwa moja upotevu wa dawa. Ikiwa dawa huhesabiwa mara moja kwa mwezi na picha hudumu siku 6, upungufu utagundulika baada ya ushahidi kufutika. Ama siku za kuhesabu dawa zisogezwe karibu, ama diski iongezwe. Mfinyazo wa H.265 huweza kupunguza ukubwa wa picha kwa karibu nusu ukilinganishwa na H.264, mradi kamera na kinasa viwe na uwezo huo. Vilevile, inunuliwe diski iliyotengenezwa kwa ajili ya kurekodi mfululizo usiku na mchana, kwani diski ya kawaida ya mezani haikukusudiwa mzigo huo.

Saa ya kinasa isipuuzwe. Betri ndogo ya ndani ikifa, mashine huweza kurudi kwenye tarehe ya kiwandani kila umeme unapokatika. Pia mashine huandika 02:00 pale ambapo kitabu cha ripoti cha wodi kinasema saa 8:00 usiku. Anayetafuta tukio kwa haraka anaweza kukosea saa sita nzima, kisha akamhukumu muuguzi wa zamu nyingine.

Siri ya mgonjwa

Hospitalini, picha si picha tu. Mtu anayeonekana akiingia kliniki ya kifua kikuu au ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU amekwisha kutoa taarifa ya afya yake bila kutamka neno. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Hatari yenyewe si ya kufikirika. Katika hospitali ya Sharp Grossmont, California, kamera za siri ziliwekwa katika vyumba vitatu vya upasuaji vya kituo cha wanawake kati ya mwaka 2012 na 2013, kwa lengo la kumnasa mtu aliyeshukiwa kuchukua dawa za usingizi. Wanawake wapatao 1,800 walirekodiwa. Katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2019, walalamikaji walidai kuwa picha zilihifadhiwa katika kompyuta zilizofikiwa na watumiaji wengi, nyingine bila nywila. Nia ya kulinda dawa ilikuwa halali. Njia na mahali pa kuhifadhi vilizaa jeraha jingine.

Mashine zinazojitegemea nazo si salama kwa asili yake. Mwaka 2016, programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na DVR nyingi duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Kwa hiyo, kinasa cha aina yoyote kibadilishwe nywila siku kinapofungwa, kisiachwe wazi kwenye intaneti, na kisitumie mtandao mmoja na mfumo wa taarifa za wagonjwa kama GoT-HoMIS. Kiwekwe katika chumba chenye kufuli, si mezani mapokezi. Kila anayetazama au kunakili picha aandike jina, tarehe na sababu katika daftari, na picha zisihamishwe kwa simu binafsi.

Kamera zenyewe ziwe langoni, kwenye korido, dirisha la malipo, bohari ya dawa na mlango wa wodi ya wazazi. Zisiwe katika chumba cha kujifungulia, cha uchunguzi, cha ushauri nasaha, wala chooni. Tangazo liwekwe mahali panaposomeka, na mgonjwa ana haki ya kuuliza nani anatazama na picha hukaa muda gani.

Uamuzi

Kwa zahanati au kituo chenye kamera 4 hadi 16 na kisicho na mtaalamu wa TEHAMA, mashine inayojitegemea, yenye diski ya kutosha na UPS, ndiyo chaguo la busara. Hospitali yenye makumi ya kamera, majengo kadhaa na mtaalamu wa kudumu itanufaika na seva iliyotengwa kwa kazi hiyo pekee. Kisichofaa popote ni kompyuta ya ofisi inayorekodi kamera huku karani akiitumia kuchapa barua.

Baada ya kununua, mganga mfawidhi ateue mtu mmoja wa kufanya jambo dogo kila Jumatatu: kufungua picha za siku ya kwanza kabisa iliyohifadhiwa, kuthibitisha kuwa zinaonekana, kulinganisha saa ya kinasa na saa ya ukutani, kisha kutia sahihi. Kazi hiyo haizidi dakika tano, na kwayo hitilafu itabainika kabla ya siku ambayo mama wa wodini atauliza mtoto wake yuko wapi.