Huria na Mwelekevu: Mashujaa wa Kike katika Adili na Nduguze

Dai kwamba shujaa wa kike wa fantasia ameletwa kwetu na riwaya za kigeni halina mashiko tukimrejelea Huria katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert. Jini huyu huokolewa na Adili akiwa katika umbo la nyoka. Baadaye naye humwokoa Adili, huwageuza nduguze kuwa manyani, na kuamuru wachapwe kila usiku. Adili huwachapa kwa majonzi, lakini hutii. Hapo mwanamke ndiye mtoa hukumu, mwanamume ni mtekelezaji tu. Mwelekevu, msichana aliyebaki hai katika mji uliogeuka mawe, ana uthabiti wa namna nyingine: alishika imani yake peke yake kabla Adili hajafika. Uhakiki unaoishia kwenye wema wa Adili, kama jina lake linavyoshawishi, humnyima msichana anayeisoma riwaya hii Nanyala wahusika hawa wawili.